Tela la Baridi na Mgeni wa Saa Saba

Mashine ilikuwa imezimika. Tafadhali lishike hilo kabla sijaendelea, kwa sababu ndilo walilolifuta katika taarifa yao. Jenereta ilikuwa imenyamaza kwa karibu saa nzima. Tela la bati lilikuwa limeegeshwa uwandani chini ya milima, mwezi wa Februari, jua la saa saba mchana limesimama utosini, na ndani ya tela hilo ukuta ulikuwa na umande. Niliugusa kwa kidole. Nilipotoa pumzi niliuona mvuke wa kinywa changu mwenyewe, kama tunavyouona kwetu Mlola asubuhi za mwezi wa saba.

Sikuwa nimelewa. Nimeambiwa sana kwamba nilikuwa nimelewa, na aliyeniambia kwanza ni mtu aliyejua vizuri kuwa si kweli. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Nyumbani kwetu dengelua, ile pombe ya miwa inayonywewa kila sherehe huku milimani, haikuvuka kizingiti, na mimi mpaka leo sijui ladha yake. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu mwenye akili timamu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali Lushoto, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Ofisi siitaji, na kijiji sikitaji, maana wahusika wana watoto na wajukuu. Kazi yangu ilikuwa kuandika: nani kafika, saa ngapi, kaomba nini, kajibiwa nini. Daftari la mwaka ule ninalo sandukuni. Saa ninazokutajia humu zimetoka humo.

Kijiji kilikuwa upande wa Mombo, pembeni ya mashamba ya mkonge, na watu wake wengi waliteremshwa kutoka kwetu juu. Siasa yenyewe siitukani; mimi nilisomeshwa nayo. Lakini mtu aliyezaliwa kwenye ukungu, anayelala na blanketi mbili mwaka mzima, ukimteremsha uwandani wakati wa kiangazi na kumwambia "utazoea", umemfanyia nini? Wazee ndio waliotangulia kufa. Halafu watoto wakaanza homa.

Katikati ya hayo ndipo lilipoletwa tela. Lilikuwa nyumba nzima juu ya magurudumu: kitanda, benchi, meza ya kukunja, mapazia, zulia la rangi ya maziwa, na dirishani sanduku la chuma lililopuliza baridi. Siku hizi mnaliita kiyoyozi. Sisi tulisema mashine ya baridi. Wageni wa mradi wa barabara waliliacha walipomaliza kazi yao. Sasa Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa anakuja kukagua kijiji na kulala siku mbili, na bosi wangu, ambaye sote tulimwita Bwana Mipango, alikuwa ameapa kwamba mgeni huyo hatatokwa na jasho hata tone.

Kulipoza tela la bati si mchezo. Aliyenifundisha ni dereva wetu, Athumani, Mbondei wa Muheza, mtani wangu.

"Bati ni bati, karani," aliniambia. "Ukiliacha juani hili ni tanuri. Mashine itahema kama mbwa na hutapata kitu."

Kwa hiyo tuliliingiza chini ya mkwaju, mti pekee wenye kivuli cha maana pale kijijini. Akina mama waliokuwa wakikaa hapo na wagonjwa wao tuliwaambia wasogee. Paa tuliliezeka kwa nyasi. Zilikuwa matita waliyokata wanawake kwa ajili ya nyumba zao ambazo bado hazijaezekwa. Madirisha tuliyaziba kwa magunia na kuyamwagia maji kila baada ya muda, debe baada ya debe, na maji hayo yalitoka vichwani mwa wanawake walewale, kutoka mtoni, mwendo wa saa nzima. Usiku tuliacha mlango na madirisha wazi joto litoke, alfajiri tukafunga kila kitu. Kichungio cha mashine nilikiosha asubuhi na jioni, maana vumbi la mkonge hukiziba kama pamba. Na juu ya yote, mlango usifunguliwe. Ukifungua mara moja umepoteza kazi ya saa nzima.

Athumani alikuwa akicheka peke yake huku akifunga magunia. "Ninyi Wasambaa mmeibiwa," alisema. "Baridi mlipewa bure na Mungu huko kwenu. Leo mnainunua kwa dizeli."

Nilicheka. Sikujua kwamba kuna mtu hatacheka.

Siku ya mgeni, saa nne asubuhi, alikuja mwanamke mmoja, Mama Eliza, mtoto wake wa miaka miwili amelala begani. Alikuwa wa Mlola kama mimi, ingawa wa bonde la mbali na hatukujuana huko juu. Mumewe, Yonazi, alikuwa amepelekwa kazini mbali na kijiji. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa tela, Bwana Mipango pembeni yangu.

"Shikamoo, baba," alimsalimu.

"Marahaba. Sema."

"Mtoto anaungua tangu jana. Asubuhi amekakamaa, macho yakageuka juu. Naomba gari litufikishe hospitali Lushoto."

"Gari linakwenda kumpokea mgeni."

"Basi niruhusu nimlaze humo ndani kidogo tu, baba, moto umpungue. Nitakaa chini, sitagusa kitu."

"Mama, baridi hii ni ya mgeni. Mlango ukifunguliwa inakwisha."

Mama Eliza alimtazama bila hasira, kama mtu ambaye hajaelewa. "Baridi inakwisha?" aliuliza. Kwetu baridi haiishi. Unaikuta umeamka nayo.

Bwana Mipango akanigeukia. "Karani, mlango huu ukifunguliwa kabla ya mgeni, kazi utaitafutia kwa mama yako Mlola."

Sasa niambie, mgongo uliokuwa umeuegemea mlango ule ulikuwa wa nani? Ulikuwa wangu. Na kinywa kilichosema neno la mwisho kilikuwa changu. "Mama Eliza," nilisema, "mpeleke mtoto kivulini."

"Kivuli gani, kaka? Kivuli mmekiegeshea tela." Akamweka mtoto vizuri begani. "Hata mama mlimnyima gari."

Nilijua anamsema nani. Mwezi uliotangulia mama mkwe wake, Mama Yonazi, alifariki pale kijijini kwa joto na homa. Mimi mwenyewe sikumwona akiwa hai. Lakini kabla hajafa alikuwa amewasihi watu wamrudishe akazikwe kwao juu, penye ukungu, na waombolezaji walikuja ofisini kuomba gari. Bwana Mipango alikataa. Mimi niliandika. Maneno yenyewe yamo daftarini, kwa mwandiko wangu mzuri: Ombi la gari la maiti, limekataliwa.

Mama Eliza aliondoka. Saa sita kasoro Bwana Mipango na Athumani waliingia kwenye Landrova kwenda Mombo. Nikabaki mlinzi wa baridi.

Saa sita na robo jenereta ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Nilikagua dizeli, ilikuwepo. Nilivuta kamba ya kuiwashia mara nyingi, mwisho kamba ikanikatikia mkononi. Kijiji kizima hapakuwa na mtu mwingine anayejua mashine. Nilimwaga maji yote yaliyobaki kwenye magunia, nikaingia ndani haraka nikajifungia kwa komeo ili baridi iliyokuwemo isitoke. Ukutani palikuwa na kipimajoto. Niliitazama zebaki ikipanda. Amini usiamini, inapanda kwa macho. Jasho likanishuka mpaka kwenye daftari. Nikaketi juu ya zulia, mgongo kwa mlango, nikiifikiria kazi yangu tu. Mtoto sikumfikiria. Nasema ukweli.

Hapo nikasikia, "Hodi."

Kwetu mtoto hufundishwa hivi: jua likiwa utosini, ukisikia hodi, usiitikie mpaka uione miguu ya anayebisha. Mtu aliye hai husubiri umtazame. Saa ile si ya wageni wa kawaida. Lakini mtoto huyohuyo hufundishwa pia kwamba hodi ya mtu mzima haiachwi bila jibu, na sauti ile ilikuwa ya mama mtu mzima. Ulimi wangu ulitii fundisho la pili kabla kichwa hakijalikumbuka la kwanza.

"Karibu, mama," nilisema.

Mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa mgongoni kwangu na halikusogea. Nilipoinua macho, alikuwa ameshaketi kwenye benchi.

Alivaa kaniki, na kitambaa cheusi kichwani kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuwa na sura ya kutisha. Nilichokitazama ni miguu, labda kwa sababu ndiyo niliyopaswa kuiona kwanza. Ilikuwa imejaa udongo mwekundu mbichi mpaka vifundoni, ule udongo wa kwetu baada ya mvua unaonata kwenye jembe. Uwandani mvua haikuwa imenyesha tangu kabla ya Krismasi. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Na harufu iliyoingia naye ilikuwa ya msitu uliolowa.

"Onga mshi," alisema. Ndiyo salamu yetu ya mchana kwa Kishambaa.

Nilimwitikia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu, nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikadhani hakusikia. "Shikamoo, mama," nikarudia kwa sauti. Alinitazama vizuri machoni, akanyamaza. Wewe unajua shikamoo ni kitu gani huku kwetu. Hata mtu uliyegombana naye huiitikia. 

Akalielekezea kidole lile sanduku la dirishani. "Hicho ndicho kinachoshika baridi?"

"Ndiyo, mama. Kimekufa."

"Na mimi," alisema.

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayetaja anakotoka. Mimi nilijibana mlangoni.

"Wewe ndiye uliyeandika," akaendelea.

"Niliandika nini, mama?"

"Kwamba gari hakuna."

Akainuka, akaja, akaushika mkono wangu wa kulia, huu ninaoandikia. Mkono wake ulikuwa na baridi ya maji ya kijito chini ya mawe. "Mlete mtoto," akasema.

Sikumbuki nilivyofungua komeo. Nakumbuka jua la nje lilivyonipiga usoni kama kofi, na nakumbuka nikikimbia kati ya vibanda visivyo na paa nikiita. Mama Eliza alikuwa ukutani mwa kibanda chake, mahali palipobaki kivuli cha upana wa mkeka. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka tena.

"Njoo naye kwenye tela."

"Bwana amesema..."

"Njoo, nakwambia!"

Tulipofungua mlango, baridi ilitupokea kama unapofungua nyumba ya Magamba, kule juu kabisa milimani, alfajiri. Hapo ndipo nilipougusa ukuta na kukuta umande. Zebaki ya kipimajoto ilikuwa imeshuka mpaka karibu na chini kabisa. Jenereta kimya. Benchi tupu. Juu ya zulia la rangi ya maziwa zilikuwepo nyayo za udongo mwekundu, kutoka kwenye benchi hadi nilipokuwa nimeketi, na kutoka hapo hadi kitandani. Kwenda mlangoni hapakuwa na hata unyayo mmoja.

Mama Eliza aliinama. Alizitazama kwa muda, akauweka mkono juu ya unyayo wa kushoto, mahali pasipo na kidole.

"Jembe lilimkata akiwa msichana," alisema. "Mama, umefika." Kisha akamlaza Eliza juu ya kitanda cha mgeni, akamfunua nguo, akakaa chini. Hakulia wala hakukimbia. 

Homa ilianza kushuka mbele ya macho yangu. Saa saba na nusu niliandika: mtoto ametokwa na jasho, ameomba maji. Saa nane kasoro: amelala.

Saa nane Landrova ilirudi. Mkubwa alikuwa mtu mnene, suti imemgandia mwilini kwa jasho. Aliingia kwanza, akasugua mikono. "Ah! Hongereni! Hii ni baridi ya Ulaya!" Kisha akatetemeka, akafunga vifungo vya koti, na ndipo alipomwona mtoto kitandani kwake.

"Karani!" Bwana Mipango alipiga kelele.

Athumani alinivuta kando. "Karani, jenereta haivumi."

"Najua."

"Basi baridi inatoka wapi?"

Nilimwonyesha zile nyayo. Athumani, mtu wa maneno mengi, alisoma dua kwa sauti ya chini na kutoka nje kinyumenyume. Tangu siku hiyo hakunitania tena.

Nimtendee haki Mkubwa. Yeye ndiye aliyesema, "Gari limpeleke mtoto huyu hospitali sasa hivi." Na naye aliondoka nalo, akasema tela lina baridi kupita kiasi, akalala Lushoto. Eliza alipona. Leo ni mwalimu, na akiniona ananipa shikamoo mita hamsini kabla hajanifikia.

Sasa sikia taarifa. Nilisomewa wiki iliyofuata, nimesimama mbele ya Bwana Mipango na wakubwa wa ofisi. Ilisema mashine ya baridi ilifanya kazi vizuri sana, hongera kwa Bwana Mipango. Ilisema karani alikutwa amelewa, amekiuka amri, na ameruhusu raia kuingia na matope na kuharibu zulia la serikali.

Matope! Niliwauliza: matope gani? Mwezi wa pili, uwandani, ardhi imepasuka, wanawake wanatafuta maji saa nzima, raia ameyapata wapi matope mekundu ya Mlola? Nikawauliza pia: mashine isiyo na jenereta inafanyaje kazi vizuri sana? Kamba iliyokatika niliiweka mezani mbele yao. Bwana Mipango aliichukua akaitia kwenye kapu la taka.  Waliotia sahihi wote walikuwa wameiona baridi ile, na mmoja wao alifunga koti kwa ajili yake.

Nilifukuzwa kazi. Nilirudi Mlola nikalima viazi, na kulima si aibu. Kinachoniuma ni kwamba walikuwa tayari kuiamini mashine iliyokufa kuliko mama aliyekufa, na hata walipoamini, sifa waliipeleka kwa aliyemnyima gari.

Mkono wangu wa kulia haujapata joto tangu siku hiyo. Gusa ukitaka. Daktari mmoja alisema ni mishipa, mwingine akasema ni mawazo. Ndiyo maana unaniona na glavu moja hata nikiwa Tanga kwenye joto. Tela nalo lilivutwa likapelekwa yadi ya Korogwe, na walinzi walikuwa wakiweka humo mitungi yao ya maji, bila umeme, bila mashine, ipate baridi. Baadaye liliuzwa, sijui kwa nani.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza ukiwa umefunga madirisha na mlango, mashine inavuma juu ya kichwa chako. Saa saba mchana ukisikia hodi, itazame miguu kwanza. Na kama nje ya mlango huo kuna mtu uliyemfukuza kivulini ili wewe upoe, mfungulie kabla hajalazimika kutuma mwingine.

Mimi na Yonazi tumeandika barua tatu kuomba kibali cha kuihamisha mifupa ya mama yake kwenda Mlola. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwamba kijiji kilishapangwa upya na mahali pa kaburi hapajulikani. Panajulikana. Mtu yeyote anaweza kwenda huko Februari, saa saba mchana, majani yote yamekauka yanavunjika chini ya viatu, akatafuta kipande kidogo cha majani mabichi chenye umande.

Kila mwaka nashuka siku ileile. Navua kofia, nasimama miguuni pake, na kutoa shikamoo yangu kwa sauti.

Bado hajaniitikia.